Kwa nini njia ya reli iliyotoka kutengenezwa hupitwa polepole?

Swali
Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Treni yetu ilisimama stesheni kusubiri mtambo wa kutengeneza njia umalize kazi, na nikauona ukiinua reli pamoja na mataruma yake, yale magogo yaliyolazwa chini ya reli, kama mtu anyanyuavyo ukingo wa mkeka, ukazamisha meno ya chuma kwenye kokoto, ukasogea, ukarudia. Tulipoingia katika kipande hicho tulikwenda mwendo wa kinyonga. Ikiwa njia imenyooshwa, tunaiogopea nini? Na kabla ya mitambo, kazi hiyo ilifanywaje?

Jibu la kwanza
Huo ni mtambo wa kushindilia kokoto. Kila treni ipitapo hudidimiza mataruma kidogo, lakini si yote kwa kiasi kimoja, ndipo mabonde hujitokeza. Mtambo huinua njia hadi kimo kinachotakiwa, meno hushuka pande mbili za taruma yakitetemeka takriban mara 35 kwa sekunde, kisha huzibana kokoto ziingie chini yake. Tatizo ni kwamba kokoto zilizotikiswa zimepoteza mshikamano wao, na reli huweza kusukumika upande, hasa wakati wa joto. Kilomita 1 ya reli iliyolehemiwa, kama ingeachwa huru, ingerefuka zaidi ya sentimita 30 joto likipanda kwa nyuzi 30. Kwa kuwa imefungwa, nguvu yote ya kutaka kurefuka inazuiwa na mataruma na kokoto. Kwa hiyo mwendo hupunguzwa mpaka treni kadhaa zipite na kokoto zikae, au mtambo mwingine uzitetemeshe zilale upya.

Jibu la pili
Mimi nilikuwa katika genge la reli, yaani kikundi cha watengeneza njia, enzi za kazi ya mikono. Nyapara alilala kifudifudi, jicho moja usawa wa reli, akitazama mbali na kuashiria kwa mkono palipobonyea. Tuliinua kwa jeki, kisha watu wanne kwa kila taruma tukazipigilia kokoto kwa sururu zenye ncha bapa. Kuisogeza njia upande kulihitaji mitaimbo na wimbo, na wimbo haukuwa wa kujifurahisha, maana anayevuta kabla ya wenzake anajichosha bure. Mmoja wetu alishika bendera na honi, naye alikatazwa kugusa chombo kingine chochote. Usiku tulilala katika behewa kuukuu lililoegeshwa njia ya pembeni. Hata chai ilinuka grisi.

Muulizaji
Ahsante, mzee wangu. Je, genge halihitajiki tena?

Jibu la tatu
Linahitajika sana. Kwenye makutano ya njia si kila taruma linafikiwa na meno ya mtambo wa kawaida. Kadhalika, kokoto zikichanganyika na tope, kushindilia hudumu siku chache tu, kwa sababu tope halipitishi maji wala halishiki. Hapo huletwa treni nyingine, ambayo mnyororo wake huchimbua kokoto chini ya mataruma, huzichekecha, hurudisha zilizo safi na kutupa uchafu kando. Lakini iende wapi kwanza? Mara nyingi hilo hujulikana kwa sababu mtu wa genge, akitembea njiani na spana yake, ameona tope jepesi likiruka kwenye ncha za mataruma kila gurudumu linapopita.