"Renew" kwa Kiswahili ni nini hasa?

Mvuvi wa Mikindani: Shikamooni wakubwa. Leseni ya chombo changu inakaribia kuisha, nimeambiwa nika-"renew". Ndiyo kusema napewa mpya, au hii hii inaongezwa muda?

Mwalimu mstaafu, Lindi: Marahaba mwanangu. "Re-" ni tena, "new" ni mpya. Leseni unaihuisha, hata wakikupa karatasi nyingine. Kitabu cha maktaba unakiongezea muda tu. Urafiki uliopoa, huo unafufuliwa. Lakini wavu uliochanika unashonwa. Hapo "renew" haliingii kabisa.

Mama Korosho, Newala: Mwalimu, ongeza nishati jadidifu, yaani "renewable energy". "Jadidi" ni mpya, kutoka Kiarabu. Jua na upepo hurudi kila siku, gesi yetu ya Msimbati ikishachomwa hairudi.

Mvuvi wa Mikindani: Ahsanteni sana. Kesho asubuhi naenda kuihuisha.