Vita ikija na ugonjwa, jeshi lishike dawa ama lilinde njia tu?

Mleta mada: Wadau, juzi kuna mtu hapa alisema mlipuko wa ugonjwa ukitokea mahali kuna vita kazi yote ipewe jeshi, ati wako na nidhamu na magari. Mimi nakataa, na naanzia hapa hapa mtaani. Soko la Kariokor hapa Nairobi, pale tunanunua viondo na viatu vya akala, jina limetoka kwa Carrier Corps, wapagazi ambao Waingereza waliwakusanya wawabebee mizigo vita ya kwanza ya dunia wakipigana na Wajerumani kule Tanganyika. Zaidi ya 40,000 walikufa, na wengi si risasi, ni kuhara damu, malaria na nimonia. Unga wa mahindi unapikwa haraka haraka haujaiva, na mtu alitoka kwao amezoea ndizi ama mtama, tumbo linakataa, kesho bado anabeba mzigo. Na jeshi hilo lilikuwa na madaktari, kwinini ilikuwepo! Jeshi huponya kwanza mwenye bunduki.

Jirani wa Pangani: Bro hiyo ni ya ukoloni. Ebola ya Kivu, mashariki mwa Kongo, 2018 hadi 2020, iliua zaidi ya watu 2,200. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo huko huko vilishambuliwa Februari 2019, Aprili Dkt. Richard Mouzoko wa WHO, Shirika la Afya Duniani, akapigwa risasi akafa ndani ya hospitali. Nesi aingie pale bila ulinzi? Huyo ni dada ya mtu.

Mleta mada: Ndugu yangu, Mouzoko inaniuma pia. Lakini fikiria mama wa Butembo mtoto ana homa, anaona gari la chanjo linafuatwa na wanajeshi ambao yeye huwakimbia kila siku, si atamficha mtoto chini ya kitanda? Chanjo imefika, mgonjwa hayuko. Gaza Septemba 2024 zaidi ya watoto 500,000 walipewa matone ya polio duru ya kwanza peke yake kwa sababu mapigano yalisimamishwa kwa masaa, eneo baada ya eneo. Bunduki zilinyamaza, hazikusindikiza mtu.

Jirani wa Pangani: Sawa, na Beni, huko huko Kivu, ambako waasi wa ADF hawaketi mezani na yeyote, hayo masaa utamwomba nani?

Mleta mada: Hapo umenibana, nakubali askari awe barabarani, ajenge daraja, alete maji. Ila mlango wa kituo ulindwe na kijana wa mtaa huo, na sindano ishikwe na nesi ambaye huyo mama anamjua kwa jina.