Familia Yetu: Dada anahama

Dada: Shikamooni wakubwa. Wadogo hamjambo? Jamani tumeamua kuhama. Tangu baba watoto apunguziwe siku za kazi, kodi inakula zaidi ya nusu ya kinachoingia. Mkataba bado una miezi 5, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Mama: Marahaba mwanangu. Poleni sana. Mmeshapata pa kwenda?

Dada: Tumeiona moja, Mama. Ina chumba kimoja pungufu, ila kodi yake ni theluthi mbili ya hii. Dalali anasema tulipe leo la sivyo inachukuliwa.

Baba Mdogo: Msilipe leo. Hiyo nyumba mpya iwekeni pembeni kwanza. Mkataba mlio nao unasemaje kuhusu kutoka kabla ya muda?

Dada: Nimepiga picha ukurasa wa 3, huo hapo. "Mpangaji akitaka kuondoka kabla ya mkataba kuisha atatoa notisi ya maandishi ya siku 30 na kulipa fidia ya kodi ya mwezi 1."

Baba Mdogo: Afadhali. Mikataba mingine haina kifungu hicho kabisa, ukitoka mapema unaweza kudaiwa miezi yote iliyobaki. Hapo mna pa kutokea.

Kaka: Ngoja tupige hesabu basi. Kila mwezi mtaokoa theluthi ya kodi ya sasa. Fidia ni kodi ya mwezi mzima. Maana yake miezi 3 ya kwanza kule mtakuwa mnarudisha fidia tu, bado gari la mizigo. Na amana ya nyumba mpya mtaitoa kabla ya hii ya zamani kurudi. Hiyo pesa ya katikati ipo?

Dada: Ya amana ipo. Ya fidia ndiyo inanikosesha usingizi.

Kaka: Na nauli? Kule ni mbali zaidi na kazini kwako. Nauli ikimeza nusu ya hiyo theluthi, miezi 3 inakuwa 6.

Dada: Nauli inaongezeka kidogo kwangu, kwa baba watoto inapungua. Tumeijumlisha, karibu inalingana.

Shangazi: Nimechelewa, nilikuwa kazini. Mwanangu, kabla ya barua nenda ukaongee na mwenye nyumba ana kwa ana. Mimi nimepangisha vyumba miaka mingi. Kinachomuumiza mwenye nyumba ni nyumba kukaa tupu. Mwambie ukweli wa kipato, kisha mwambie utamsaidia kutafuta mpangaji mwingine. Wengi hapo wanasamehe fidia au wanaipunguza.

Dada: Kuna mwenzangu kazini anatafuta nyumba ya ukubwa huu huu!

Shangazi: Mpeleke. Ila huyo aandikishane mkataba wake mwenyewe na mwenye nyumba, na wako ufungwe siku hiyo hiyo kwa maandishi. Usimwachie funguo tu akakaa kwa jina lako. Akishindwa kulipa, atakayedaiwa ni wewe.

Baba Mdogo: Sisitiza hapo kwenye maandishi. Mwenye nyumba akikubali kwa mdomo, mshukuru, halafu jioni mtumie ujumbe: tumekubaliana hivi na hivi, naomba uthibitishe. Na notisi iwe na tarehe, abaki na nakala yake na nyie yenu iliyosainiwa kwamba kaipokea. Siku 30 zinahesabiwa kuanzia hapo.

Shemeji: Shikamoo Baba Mdogo. Kodi ya mwezi wa mwisho si tuikate tu kwenye amana?

Baba Mdogo: Marahaba baba. Hapana, labda akubali kwa maandishi. Amana imewekwa kwa ajili ya uharibifu na madeni. Mkiacha kulipa mtakuwa wavunja mkataba, na yeye atapata sababu ya kuishikilia yote.

Mama: Na ule ukuta wa nyuma ya mlango wa watoto?

Dada: Mama umeukumbuka! Kitasa kimeuchimba, shimo linaingia kidole gumba.

Shangazi: Rangi iliyopauka kwa jua ni uchakavu wa kawaida, hiyo haikatwi kwenye amana. Shimo ni lenu, lizibeni wenyewe, fundi wa mwenye nyumba atawatoza zaidi. Siku ya kutoka mzunguke naye chumba kwa chumba, mpige picha kila ukuta na namba za mita ya maji na ya umeme. Funguo mkabidhi kwa saini.

Kaka: Nyumba mpya nendeni tena usiku, bila dalali. Fungueni bomba, muulize majirani maji yanatoka siku zote? Na huyo anayepokea kodi ana karatasi gani kuonyesha kuwa nyumba ni yake?

Mama: Watoto wamelipokeaje?

Dada: Mkubwa amenyamaza tu. Watalala chumba kimoja sasa. Shule hawahami, hilo ndilo nililoling'ang'ania kuliko yote. Nakiri Mama, inaniuma kuwatoa hapa.

Mama: Lazima iume, wamekulia hapo. Lakini nimekusikia miezi yote hii kila tarehe ya kodi ikikaribia, hata sauti yako inabadilika. Nendeni mwanangu. Mkubwa nitampigia mwenyewe.

Dada: Asante Mama. 😭

*Jumatano*

Dada: Mwenye nyumba amekubali! Mwenzangu akisaini, fidia hakuna. Nimemtumia ujumbe kama alivyosema Baba Mdogo, naye amejibu "nathibitisha".

Shangazi: Alhamdulillah. Usiufute huo ujumbe.

Dada: Na nyumba mpya tulienda jana usiku. Maji yanatoka, hati tumeiona. Kabati kubwa ndilo halipiti mlangoni, linazidi kwa sentimita 4.

Kaka: Milango yake inafunguka, ile ni skrubu tu. Nakuja Jumamosi na bisibisi, pamoja na plasta ya lile shimo.