Naomba ushauri: nianze ofisi ya mawakili au niende kwanza Shule ya Sheria?

Wakuu, habari za kazi. Nina shahada ya sheria, bado sijaingia Shule ya Sheria kwa Vitendo (mafunzo ya kabla ya kuapishwa kuwa wakili). Ofisi ndogo ya mawakili Dar imenipa nafasi ya kulipwa nauli tu: kutafuta kesi rejea (hukumu za zamani za kurejelea) na kuandaa rasimu za hati za madai na viapo (maelezo ya maandishi ambayo mtu anaapa kuwa ni ya kweli). Wakili husaini bila kupitia, na hilo linanitia hofu sana, maana kiapo kikikosa mahali au tarehe kilipoapwa, maombi ya mteja yanaweza kuondolewa mahakamani. Nimeomba mkataba wa maandishi, naambiwa nisubiri.

Je, uzoefu huu utahesabiwa nikitafuta kazi baada ya kuapishwa kuwa wakili? Na kwenye mkataba nidai kipengele gani kuhusu nani atawajibika rasimu ikiwa na kasoro?