Wenye boti Tanga, mkiambiwa "nimekupunguzia ulaji wa mafuta" kimbieni

Wakuu, mnivumilie, naandika nikiwa na hasira.

Wiki mbili nyuma nilimpelekea fundi mmoja hapa mjini mashine yangu ya boti ya 40 (nguvu za farasi), ile ya kuchanganya oili na petroli. Asubuhi ilikuwa inagoma kuwaka, plagi zikitoka nyeusi zimelowa. Mafuta yamezidi hewa, hata kijana wangu anayekumba maji analijua hilo. Fundi akaifunga kwenye pipa la maji, akachezea kabureta, ikanguruma vizuri. "Kaka, na ulaji nimekupunguzia." Nikatoa 80,000 na asante juu.

Juzi tumetoka bandari ya wavuvi ya Deep Sea kuelekea kisiwa cha Yambe, kusi linavuma. Polepole inakwenda safi. Nikiipa moto wote, inakohoa, nguvu hamna. Nikavuta choki kidogo, ikashika kasi! Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Choki inabana hewa. Mashine iliyokwisha pata moto ikiipenda choki, ujue ina njaa ya petroli. Mimi nikakaza mwendo (haya, kosa langu hilo). Haikupita dakika kumi, ikajam. Tukatia nanga, tukaja kuvutwa usiku na boti ya dagaa, wenyewe wanatucheka.

Nyumbani nikafungua. Plagi nyeupe kama chokaa, pistoni imechubuka upande mzima. Nikashusha bakuli la kabureta, nikainua jeti kubwa, kile kidude chenye tundu la kupitisha petroli, kwenye mwanga: tundu nusu. Ndani kumepenyezwa kawaya kembamba ka shaba, kamekunjwa ncha kasitoke. Huko ndiko "kupunguza ulaji"!

Sasa kwenye pipa ungeona nini? Mashine ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kupewa moto, petroli inapita kinjia kidogo, jeti kubwa haina kazi. Inaanza kazi ukifungua moto, boti ina mzigo na mawimbi. Na kwenye mashine hizi oili inaingia pamoja na petroli. Ukiibania petroli umeinyima na oili, wakati huohuo hewa imezidi na joto la pistoni linapanda. Lazima ife.

Nimempigia, ananiambia eti oili yangu ilikuwa kidogo. Lita 25 za petroli kwa nusu lita ya oili, napima mwenyewe na chupa ya maji, miaka yote! Simu ya pili hapokei.

Kinachoniuma zaidi, ugonjwa wenyewe hakuugusa. Sindano ya floti, ile ya kufunga petroli bakuli likijaa, imelika ncha, haifungi, bakuli linafurika. Kidude kidogo kuliko punje ya mchele. Badala ya kukibadilisha, kaziba mbele.

Kama mashine yako imefanyiwa "ulaji" karibuni, usiende nayo baharini kesho. Shusha bakuli, toa jeti kubwa, itazame kwenye jua. Na mwenye pistoni na ringi za 40, hata za saizi ya juu nichongeshe silinda, aniambie bei hapahapa.