Miradi ya elimu ya afya vijijini: fulana na soda kila mtu kapata, dawa za kifafa hakuna

Wakuu, habari za humu.

Nina hasira, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunijibu.

Wiki iliyopita kijijini kwetu, huku Nyanda za Juu Kusini, tuliletewa siku ya elimu ya afya ya mwili na akili. Shirika sitalitaja. Kijiji nacho sitakitaja, kwa sababu wagonjwa ninaowasemea wanajulikana hadi mlango wa nyumba zao. Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati, kwa hiyo hiki ninachoandika sikukisikia kilabuni.

Yalikuja magari matatu, turubai, viti vya kukodi, jenereta, spika na mpiga picha. Ni mwezi wa kwanza, mahindi yanadai palizi, wenye mbolea ya kukuzia ndiyo wanaiweka sasa, halafu mkutano unapangwa Jumatano saa tatu asubuhi. Yeyote aliyewahi kushika jembe angewaambia kwamba saa hiyo kijijini wanabaki vikongwe na watoto wachanga. Hawakuuliza. Ikabidi wenyeviti wa vitongoji wapite mashambani kuwatoa watu, na asiyefika jina lake liandikwe. Watu wazima wakaacha mistari ya mahindi katikati, wakaenda kukaa kwenye viti vya plastiki kwa kuogopa faini.

Somo la kwanza likawa mazoezi. Kijana mwezeshaji akasoma ukutani kwamba mtu mzima anatakiwa kuushughulisha mwili angalau dakika 150 kwa wiki. Hayo ni maelekezo ya Shirika la Afya Duniani, hayana kosa, na mtu anayekaa ofisini kutwa yanamhusu. Lakini mbele yake walikaa akina mama ambao saa kumi na moja alfajiri walishapanda mlima na jembe begani, na jioni walikuwa na kuni za kubeba na maji ya kuteka. Shida ya miili yao ni mgongo, magoti, na ujauzito unaobebeshwa ndoo ya lita 20 hadi wiki ya mwisho. Hakuna aliyewauliza wanaumwa wapi. Somo liliandikwa mjini kwa ajili ya watu wa mjini, likapakiwa kwenye gari likaletwa kama lilivyo.

Likafuata la presha: punguzeni chumvi, punguzeni mafuta, mkapime. Mkapime wapi? Mashine ya zahanati yetu ni mbovu tangu msimu uliopita na taarifa tulipeleka. Wao wenyewe hawakuja na hata moja. Presha ya kupanda kwa watu wengi haina dalili yoyote, mtu anagundua siku ameanguka na mkono mmoja haunyanyuki. Pale chini ya turubai walikaa wazee wengi ambao hawajawahi kupimwa maishani mwao. Wangewapima wale tu, wakaandika majina, wakamwachia mganga mfawidhi orodha, mimi leo nisingefungua uzi huu.

Afya ya akili ikawekwa mwishoni, wingu limeshakusanyika na watu wanatazama njia ya kurudi. Maneno yakasomwa haraka haraka: sonona (huzuni nzito isiyoisha), skizofrenia (ugonjwa wa akili, kama wa kusikia sauti zisizokuwepo), msongo wa mawazo. Vunjeni ukimya, jitokezeni, msione aibu.

Mama mmoja akajitokeza. Jirani yangu. Kanga kaifunga kiunoni bado ina udongo wa shamba, akasimama akasema: "Mwanangu ana kifafa. Dawa zahanati zimekwisha tangu kabla ya Krismasi. Nilikuja nikijua mmetuletea." Akakaa. Mwezeshaji akasema ni swali zuri sana, watalifikisha kwa wahusika, naomba tumpigie mama makofi. Tukapiga makofi. Soda zikaanza kugawiwa.

Ndugu zangu, hapo ndipo mimi nilipochoka.

Huyo kijana ana kovu la moto kuanzia kiganja hadi kiwiko. Kifafa kilimkamata jioni akiwa jikoni, akaangukia mafiga. Walikuwepo watu uani na hawakumgusa, kwa sababu wanaamini povu la mwenye kifafa linaambukiza. Haliambukizi. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, hakirushwi kwa mate, hakihami kwa kugusana. Mtu akidondoka unaondoa vitu vya hatari karibu naye, unamweka kitu laini chini ya kichwa, humkandamizi, humtii kijiko wala kitu chochote mdomoni, na mtikisiko ukitulia unamlaza ubavu. Kikizidi dakika 5 mnambeba mnakimbia zahanati. Nimeandika kwa mistari michache na mmeelewa. Hiyo ndiyo elimu ambayo kijijini kwetu ingeokoa mkono wa mtu, na siku nzima ya spika na jenereta haikusemwa.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Fenobabitoni ni dawa ya kifafa ya zamani na ya bei ya chini, imo kwenye orodha ya dawa muhimu za dunia. Na hatari yake ni kuikatisha ghafla: mgonjwa aliyekuwa ametulia anaweza kupata degedege linalofuatana bila kukoma na likamuua. Kwa hiyo dawa kukosekana zahanati tangu Krismasi si usumbufu mdogo. Huku kwetu dawa za kifafa na za magonjwa ya akili mara nyingi zinatoka mkono mmoja, kwa hiyo zikikosekana hizi, na yule dada wa kitongoji cha juu anayesikia sauti naye anarudi kulala porini.

Na tusidanganyane kwamba kijijini haiwezekani. Mahenge, wilaya ya Ulanga, ni milimani na barabara yake tunaijua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall alianzisha pale kliniki ya kifafa. Aliwakuta wagonjwa wametengwa, wanaogopwa, wengine wana makovu ya moto kama huyu wa kwetu. Akatoa dawa na akafundisha, vyote pamoja, na akaendelea kurudi kwa miongo mingi. Mtu aliyeonekana jana anaanguka na leo analima na wenzake, huyo mwenyewe anakuwa somo kwa kijiji kizima.

Wazee wangu humu mnaikumbuka kampeni ya elimu ya afya ya mwaka 1973, Mtu ni Afya. Wiki 12, redio, kijitabu, na vikundi vyenye viongozi waliofundishwa kabla. Watu takribani milioni 2 walishiriki. Watu walisikiliza, wakajadili, wakakubaliana, wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Nchi ilikuwa maskini kuliko leo, hakuna projekta wala simu. Lakini kila somo liliishia kwenye kazi ambayo mwanakijiji aliweza kuifanya kwa mikono yake wiki hiyo hiyo. Sisi wiki iliyopita kazi tuliyopewa ilikuwa kusaini mahudhurio, tena mara mbili: karatasi moja ya afya ya mwili, nyingine ya afya ya akili, watu wale wale. Kwenye ripoti ya shirika kijiji chetu kitaonekana kina watu mara mbili.

Jambo jingine, na hili nalisema taratibu kwa sababu ni zito. Walituambia aliyewahi kuwaza kujiua ajitokeze aseme. Hawakutuambia kwamba Kanuni ya Adhabu yetu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Familia zinalijua hilo, ndiyo maana zinaficha. Jirani zetu Kenya, Mahakama Kuu mwezi Januari 2025 ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo, cha 226, kinapingana na Katiba. Shirika lenye wanasheria na ofisi nzuri lingeanza kulia na sheria hiyo huko juu, kabla ya kumwambia mkulima ajitangaze mbele ya mtendaji na mgambo. Na kama wewe unayesoma hapa una mawazo hayo, mwambie mtu mmoja unayemwamini leo hii, au nenda zahanati au hospitali iliyo karibu. Unaumwa, na kuumwa kunatibika.

Mnaniuliza nataka nini. Nataka mtu anayebaki. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 nchi nzima, wanaofundishwa miezi 6. Huo ndio mlango. Mhudumu anajua nani haonekani kisimani wiki nzima, nani kaacha kula, mtoto gani anafungiwa ndani. Zimbabwe walianza mwaka 2006 pale Mbare, Harare: Dk. Dixon Chibanda aliwafundisha kina bibi 14 kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu wenye sonona, hatua kwa hatua, wiki kwa wiki. Mwaka 2016 utafiti wake ulichapishwa ukaonyesha watu waliokaa kwenye benchi lile walipata nafuu kuliko waliohudumiwa kwa njia ya kawaida. Benchi na bibi aliyefundishwa vizuri. Vijiji vyetu vina mabenchi na vina mabibi wenye busara hadi basi. Lakini shirika hili lilipofika, mhudumu wetu walimpa kazi ya kugawa soda na kuokota chupa.

NYONGEZA: Kuna mchangiaji anasema dawa ni jukumu la serikali, shirika limekuja kutoa elimu tu, nisilaumu. Mkuu, ukimwambia mgonjwa "jitokeze utibiwe" umeshampa ahadi. Kama hujui zahanati ya pale ina dawa gani, ulitakiwa kupiga simu moja kwa mganga mfawidhi kabla ya kukodi turubai. Na kama umeambiwa hazipo, badilisha bajeti, au nenda ukagonge meza za wilaya, una gari na una mafuta. Mwingine kasema nina wivu wa posho. Sikupewa posho na siitaki.

Mkutano mkuu wa kijiji ni mwezi wa tatu. Nimeshamwandikia mtendaji kwamba ripoti ya siku ile isomwe mbele ya wanakijiji, ikiwa na fungu la fulana, fungu la magari na fungu la dawa, kila moja na shilingi zake. Nyie mnaofanya kazi kwenye miradi hii mpo humu, mnaweza kuanza kunijibu leo.

Na kwa sasa hivi: aliyeko Njombe, Iringa au Mbeya anayejua kwa hakika zahanati au kituo cha afya chenye fenobabitoni wiki hii, anitumie ujumbe. Kijana ana barua ya daktari, na juzi usiku ameanguka tena.