Mjadala: Mhitimu wa Uchumi Kilimo alime kwanza ndipo avae joho?

Mwana wa Kilosa:
Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Kila anayesoma Uchumi Kilimo au usimamizi wa mashamba chuo kikuu apewe nusu eka tangu mwaka wa kwanza, alime kwa mkopo, auze, arudishe deni. Asiyerudisha asihitimu. Sasa hivi mtu anazunguka kijijini wiki chache na dodoso, anapiga picha kwenye mahindi ya watu, anarudi kuandika ripoti. Daktari hapewi cheti bila kugusa mgonjwa.

Binti Uluguru:
Niko mwaka wa tatu hapa SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Kaka, umechanganya. Wa agronomia ndio wanaosomea kupanda. Sisi tunasoma bei, masoko, mikopo na uamuzi wa shamba: ulime nini, kiasi gani, ukodi trekta au uweke vibarua. Na hilo dodoso unalolidharau limenionyesha kwamba tatizo si jembe. Wakulima wetu hawajui hesabu. Ukimuuliza gharama anakutajia mbegu na mbolea, kamaliza. Siku zake za palizi hazimo, za mkewe hazimo, halafu anasema kapata faida.

Mzee wa Vitunguu:
Binti yangu, huyo asiyejua hesabu ni mimi. Nalima vitunguu Ruaha Mbuyuni, nimeishia darasa la saba. Daftari langu lina kila lita ya dizeli ya pampu, kila kibarua na siku yake, mpaka chai ya wang'oaji. Msimu uliopita nilijua bei ya kuniumiza kabla sijang'oa kitunguu kimoja. Mnunuzi akaja na magunia yake. Akajaza, akashindilia kwa goti, akaunga wavu juu, akajaza tena, akashona kilemba. Nikaazima mzani kwa jirani: kilo 138. Kanilipa gunia moja. Sasa niambie ni hesabu gani nilikosea.

Binti Uluguru:
Shikamoo mzee. Sikukusudia wewe, na naomba radhi. Ila katika kaya zote nilizohoji, wenye daftari niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Mpima Haki:
Mzee, hiyo lumbesa, gunia la kilemba, ni marufuku, gunia mwisho kilo 100. Kwa nini uliuza? Nyinyi wenyewe ndio mnaoilea.

Mzee wa Vitunguu:
Tunailea? Kitunguu kimeshang'olewa, wingu limefunga, fuso ni moja. Nikikataa anahamia kwa jirani na yangu inaozea shambani. Wewe umewahi kuamka usiku kufunika vitunguu na maturubai?

Mama Korosho:
Dawa yake ni stakabadhi ghalani. Huku Mtwara, tangu ile sheria ya mwaka 1995 sijui, unapeleka korosho AMCOS, chama chetu cha ushirika, unapimiwa, mnada unasomwa watu wakisikia.

Mwana wa Kilosa:
Sheria ni ya 2005, dada, na korosho ziliingia msimu wa 2007/08. Jamani, nusu eka?

Mama Korosho:
Mwaka haunisaidii kitu. Nakumbuka 2018: wanunuzi waligoma kufika shilingi 3,000 kwa kilo, Rais Magufuli akasema 3,300 na jeshi likaja kubeba.

Binti Uluguru:
Hapo ndipo somo letu linapoingia, mama. Bei ukiipandisha juu ya soko, lazima uwe na wa kuinunua hiyo korosho na wa kulipia ghala.

Mpima Haki:
Mngewamaliza kangomba kwanza, hao wanunuzi wa kichinichini. Wezi wale, wanachukua korosho ikiwa bado mtini.

Mama Korosho:
Usiwaite wezi mbele yangu. Mwezi wa saba mkorosho una maua tu, na mwanangu karudishwa nyumbani kwa ada, kidato cha nne. Nimekwenda kukopa, naulizwa hati ya shamba. Shamba la marehemu baba, hati nitoe wapi? Kangomba alikaa kwenye mkeka wangu, akahesabu pesa, hakuuliza karatasi.

Binti Uluguru:
Alikupa kwa kilo shilingi ngapi, mama?

Mama Korosho:
Elfu moja.

Mpima Haki:
Na mnadani ingeweza kufika zaidi ya mara mbili yake. Kakuibia, ndilo ninalosema!

Mama Korosho:
Mnada ni mwezi wa kumi. Mimi nakwambia habari ya mwezi wa saba. Mtoto alikaa kwenye mtihani.